Konvuayeri wa Ndege ya Kapteni Muli

Ndugu zangu wa Kamembe, tangu nirudi hamjanipa nafasi ya kupumua. Sokoni mnanishika mkono, kanisani mnanigeukia wakati wa kupeana amani, na neno ni lile lile: Anselmi, ndege ilikuwaje? Mnajua ninavyosimulia. Nikitumwa Nyakabuye kununua mihogo, nikirudi mihogo hiyo imekuwa minene kama nguzo za daraja. Sambaza mmoja, samaki mdogo kama kidole, akipita mdomoni mwangu anatoka mkubwa kuliko mtumbwi uliomvua. Ndiyo maana safari hii ninaandika. Kalamu yangu haikimbii kama mdomo. Mtu aliyehitimu shule ya jioni akiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu wake ameandika kila herufi kwa jasho, na jasho linapunguza uongo.

Habari ya namna nilivyopata nafasi, karatasi na mihuri, niachieni. Mnajua ninapakia mizigo uwanjani, na mnajua kulikuwa na ndege ambayo kiti chake cha kulia kilikuwa kitupu.

Wengine hamkumfahamu dada yangu Veneranda. Sisi tulizaliwa Bukavu, wazazi wakiwa wakimbizi kutoka huku. Vita vilipotupindua tukavuka kurudi Rwanda, yeye hakuvuka, kwa sababu alikuwa ameolewa Shabunda, kule msituni, na mwalimu mmoja wa kabila la Warega. Mwalimu huyo alikimbilia porini siku moja ya risasi, akimwacha na mimba changa, na hakuonekana tena. Barabara ilikuwa imekufa zamani, imeota miti. Halafu ujumbe ukafika kwa foni, ile redio ya wafanyabiashara: Veneranda ana mimba iliyokomaa, miguu imevimba, macho yanaona giza, na dawa hakuna. Familia ikanituma nimlete azalie hospitali huku kwetu. Safari yenyewe ilikuwa hiyo tu.

Kamembe: ukungu

Tulikuwa uwanjani tangu alfajiri. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani, mzito kiasi kwamba ungeweza kuukata kwa panga na kuupakia kwenye magunia, na kama kungekuwa na mnunuzi ningeupakia. Bukavu ng'ambo haikuonekana. Hata mkia wa ndege ulionekana kwa taabu.

Ndege yenyewe ilikuwa nyeupe, ya injini mbili, kila injini na propela yake mbele. Si kubwa. Ndani unatembea umeinama kama mtu anayetafuta sindano. Viti vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa, mahali pake pamejaa katoni za dawa na magunia ya chumvi ya kwenda Kindu, mji ulio mbele ya Shabunda.

Rubani aliitwa Kapteni Muli, Mkamba wa Kenya, mtu wa makamo, mkavu, mwenye sauti ya chini. Nilimuuliza mwenzake yuko wapi. Akasema hana mwenzake, ndege ile inaruhusiwa kuendeshwa na mtu mmoja. Kulikuwa na mashine ya kumshikia usukani akitaka kupumzika, lakini ilikufa zamani, kwa hiyo mikono yake miwili ndiyo mashine. Nikamwambia basi leo mimi nitakuwa mwenzake. Akanitazama kama ninyi mnavyonitazamaga.

Lakini alinipa kazi. Penye viwanja vya porini hazimi injini zote mbili, kwa sababu zikizimwa zote, kisha betri ikachoka, mtalala hapo hadi Yesu arudi. Anazima ya kushoto, upande wa mlango, na kuacha ya kulia ikinguruma. Injini ikiwa hai yeye hawezi kutoka kitini. Kwa hiyo mtu wa pili anatakiwa kuruka chini, kuweka kabari za mbao mbele na nyuma ya gurudumu, kisha wakati wa kuondoka azitoe, apande, afunge mlango na kuujaribu kwa bega. Kabari zilikuwa mbili, zimefungwa kwa kamba ili uzivae shingoni. Akaniambia pia nisipite mbele ya injini hata nikiitwa na mama yangu, kwa kuwa propela ikizunguka haionekani.

Ukungu ulipotoboka, akaanza jambo lililonishangaza. Aliuliza swali kwa sauti, halafu akajijibu mwenyewe kwa sauti. Ilikuwa kwa Kiingereza. Nusu niliielewa kwa nguvu ya shule ya jioni, nusu niliibuni.

"Mafuta?"

"Yapo, pande zote mbili."

"Mlango?"

"Umefungwa. Taa imezimika."

Kila alipojibu aligusa kitu chenyewe kwa kidole. Mimi nikadhani ananiuliza, na mtu mwenye adabu akiulizwa hujibu. Aliposema tena "Mafuta?" nikasema yapo mengi, Kapteni, hakuna wasiwasi. Akaacha kila kitu na kuanza upya kutoka mwanzo.

"Bwana Anselmi," akasema kwa upole, "nikiuliza, ninamuuliza Muli. Ukimjibia wewe, Muli atanyamaza. Na siku Muli akinyamaza humu ndani, tumekwisha."

Tangu hapo nilifunga mdomo. Ninyi mnaonijua mtaona hiyo ni ajabu kuliko kuruka.

Juu ya msitu

Tulivuka ziwa nikiwa bado natafuta mkanda. Milima ya upande wa Bukavu ilikuja kutupokea, migongo yake imejaa mvua, na Kapteni akaipanda taratibu, akizungumza na redio, akiandika kwenye paja, akibadilisha matangi ya mafuta kwa mkono mmoja na kushika usukani kwa mwingine. Mama wa watoto mapacha ana nafasi zaidi ya kupumzika kuliko mtu yule. Baada ya milima, msitu. Ninyi mmezoea kuona mwisho wa kila shamba. Kule hakuna mwisho. Ni kabichi iliyopangwa juu ya kabichi hadi jicho linachoka.

Halafu akanionyesha kwa kidevu. Mto umejikunja, mabati machache yanang'aa, na mstari mwekundu wa udongo mfupi kama kovu. Shabunda.

Nikamwomba tushuke. Dada yangu yuko pale, nikasema, chini ya moja ya mabati yale. Hakukasirika. Alieleza kwamba ndege ikiwa imebeba mzigo wote huu, uwanja ule hautoshi kuisimamisha, na jana umenyeshewa, umekuwa sabuni. Tushushe chumvi na dawa Kindu kwanza, tunywe mafuta, turudi wepesi.

"Mchana huu huu?" nikauliza.

"Mchana huu huu, Mungu akipenda."

Nikapunga mkono kwenye kioo. Hakuna aliyeniona, najua, lakini mkono ulienda wenyewe.

Kindu: ufunguo

Mungu hakupenda. Kindu kulikuwa na mafuta, kwenye mapipa, ndani ya stoo, nyuma ya kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa amevuka mto kwenda msibani. Kijana wa stoo akatuambia anarudi sasa hivi. Neno hilo "sasa hivi" la Kindu lina urefu wa mto wenyewe. Tulishusha chumvi, tukashusha dawa, tukakaa kivulini chini ya bawa. Watu walikuja kutusalimia, wakauliza bei ya sabuni Bukavu, wakauliza kama ni kweli huku kwetu watu wanakula viazi asubuhi na jioni. Nikawaambia tunakula hata usingizini.

Mama mmoja aliyekuwa anapikia wapakiaji alituletea wali wa kule na sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, yenye mafuta ya mawese, na kipande cha samaki ambacho, bila kuongeza chumvi, kilikuwa kikubwa kama kiatu cha mwanajeshi. Nilikula changu. Kapteni alisukuma sahani yake kando. Alikuwa amevaa koti. Kindu, mchana, koti. Akasema ni ubaridi kidogo tu.

"Ubaridi gani ya hapa?" yule mama akauliza. "Papa, angalia macho yako. Malaria inakupikia, weye unasema ubaridi."

Kapteni akasema ameshameza dawa. Akajilaza, akaweka kofia usoni.

Mwenye ufunguo alirudi jua likiwa limeegemea upande wa pili, mtu mpole, macho mekundu kwa kilio, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumgombeza. Tukazungusha pampu kwa mkono, mafuta yakipita kwenye kitambaa cha kuchujia, taratibu, kama mzee anavyokunywa uji. Pipa la pili lilipoanza, anga la mashariki lilikuwa jeusi. Kapteni alisimama akalitazama kwa muda. Huko ndiko tulikotakiwa kwenda.

"Kesho," akasema.

Nilimsihi. Nilimwambia habari ya miguu iliyovimba na macho yenye giza. Alisikiliza yote, halafu akasema kwamba marubani wawili wangeweza kubishana juu ya wingu lile, mmoja akitaka na mwingine akikataa. Yeye ni mmoja, na mmoja asipojikatalia mwenyewe hana wa kumkatalia. Mvua ikaja, ikapiga mabati hadi hatukusikiana, na siku ile ikaishia hapo.

Shabunda: kabari

Asubuhi kulikuwa safi. Tulitua Shabunda tope likiruka hadi kwenye vioo, injini ya kushoto ikazimwa, nikaruka chini na kabari zangu, nikaziweka. Nilipoinuka niliona watu wamejipanga kando ya uwanja, wengi, na hakuna aliyepunga mkono. Wangapi kati yao walikuwa wamekonda, na kwa kiasi gani, sitasema. Mwanamume mmoja aliyeegemea baiskeli isiyo na matairi alisema kwa sauti ya kusikika, "Banyarwanda banakuya tena. Safari hii banabeba nini?"

"Nyamaza," mwanamke mmoja akamwambia. "Huyu eko ndugu ya bibi ya mwalimu."

Mwanamume alisogeza baiskeli yake nipite.

Wakati huo wakamleta. Vijana wanne wa kanisa walikuwa wamembeba juu ya kitanda cha miti, na mbele yao muuguzi akinikimbilia. Aliniambia haraka, kwa sauti ya mtu asiyelala. Veneranda alikuwa amejifungua jana jioni. Mtoto ni mzima. Damu ndiyo haikatiki. Hapa wamefanya walichoweza, na walichoweza ni vitambaa na maombi. Anahitaji kufanyiwa upasuaji na kuongezwa damu, na inatakiwa leo, na leo yenyewe isichelewe.

Jana jioni. Nilikuwa Kindu, nikitazama pampu.

Nyuma ya kitanda alitembea mama mkwe wake, Maman Regina, mama mfupi, mpana, kichanga kimefungwa kifuani mwake kwa kitenge. Huyu ndiye aliyekuwa na sauti nyumbani tangu mwanawe apotee. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kutazama kioo cha mbele, akamwona Kapteni, akatazama kiti cha pili, kikiwa kitupu. Akawaamuru vijana wasimame.

"Chauffeur eko moja?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo, Maman, ndege hii ni ya rubani mmoja.

"Konvuayeri yake eko wapi?"

Ambao hamkusafiri njia zile, mfahamu hivi. Kamioni ya kwenda msituni haiondoki na dereva peke yake. Lazima awepo konvuayeri, mtu anayening'inia nyuma na kipande cha mti mkononi. Gari likishindwa mlimani anaruka na kukiweka chini ya gurudumu kabla halijarudi nyuma. Kule hata mtoto hapandi gari lisilo na konvuayeri.

Nikaanza kumweleza kuhusu injini mbili na sheria za anga, kwa Kiswahili cha cheti. Muuguzi alikuwa akinivuta shati. Maman Regina aliniacha nimalize.

"Mume wangu alikuwa chauffeur ya njia ya Bukavu," akasema. "Siku moja konvuayeri aligonjwa. Mume wangu akasema, si kitu, nitaenda miye moja. Ku mulima kamioni ikarudi nyuma, na hakuna muntu wa kuweka kabari. Ilikuwa imejaa batu." Akaweka mkono juu ya blanketi la Veneranda. "Huyu, vita yote nilikuwa naye mu nyumba yangu. Banakuya ku mulango banauliza: Munyarwanda eko wapi? Nabaambia: hapa hakuna Munyarwanda, hapa kuko bibi ya mutoto yangu. Sikumuchunga vile ili leo nimupakize ku gari ya muntu moja."

Hakuna aliyemcheka. Watu walikuwa wakitikisa vichwa kumkubalia, hata yule wa baiskeli. Nikaona wazi kwamba nikimlazimisha Maman, wale vijana watakirudisha kitanda nyumbani, na dada yangu atafia humo.

Nikaenda hadi dirisha dogo la Kapteni, nikampigia kelele habari yote. Koti lilikuwa limefungwa hadi shingoni. Nilidhani atakasirika, maana mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya milima.

"Umeweka nini kwenye gurudumu langu?" akauliza.

"Kabari."

"Nani aliziweka?"

"Mimi."

"Basi kamwambie. Si uongo."

Nikaenda nikazing'oa, nikazileta shingoni mwangu, zinadondosha tope. Maman Regina akaichukua moja, akaipima mkononi, akapitisha kidole mahali ambapo matairi yalikuwa yameuma mbao. Alikuwa amezaa, amelea na kuzika na watu wa kazi ile.

"Njo weye?" akauliza, yaani, ni wewe ndiye?

"Njo miye, Maman."

"Unajua kazi ya pili ya konvuayeri?"

Niliijua. Konvuayeri hukaa karibu na dereva na kumwongelesha njia nzima, asije akasinzia. Nikamwambia kwamba kwa kazi hiyo Mungu aliniumba, na kwamba Kamembe nzima wanamwomba aniumbue. Watu wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kusikia mtu akicheka. Yeye hakucheka.

"Basi asilale," akasema, na akawafanyia vijana ishara.

Tulimlaza Veneranda sakafuni, mahali palipokuwa na chumvi, Maman Regina akaketi karibu na kichwa chake na kichanga. Dada yangu alikuwa mweupe kama majivu. Nilimwinamia. Akafumbua macho, akanitambua, na mdomo ukajaribu kutabasamu.

"Anselmi. Umekuya na uongo ngapi?"

"Ndege nzima," nikasema.

Akafumba macho akiwa bado na lile tabasamu.

Kurudi: mlimani

Nilifunga mlango, nikaujaribu kwa bega, nikarudi kiti cha kulia. Kapteni akaanza kumuuliza Muli. "Mafuta?" Akajibu. "Mlango?"

Kimya.

Nilingoja. Kidole chake kilikuwa hewani, hakigusi kitu. Meno yalikuwa yakigongana. Basi nikasema taratibu, "Umefungwa. Taa imezimika." Akaitikia kwa kichwa na kuendelea, hakunikemea.

Tuliruka. Namna tulivyotoka kwenye tope lile, ningekuwa nasimulia kwa mdomo ningesema magurudumu yaling'oa nusu ya Shabunda. Juu, mawingu yalikuwa yameshajifunga nyuma yetu. Mbele kulikuwa na mwanga kati ya milima, kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Kapteni alikuwa analowa jasho, na macho yake yalikuwa yanazama na kurudi, yanazama na kurudi.

"Bwana Anselmi," akasema. "Ongea."

"Niongee nini?"

"Chochote. Usiache. Ukiona kale kandege kadogo ndani ya kile kioo cha duara mbele yangu kamelala upande, nipige bega."

Mnisamehe, jambo la kwanza lililonijia lilikuwa mbuzi. Tukiwa wadogo Bukavu, baba alinunua mbuzi wa Noeli miezi mingi kabla, ili anenepe, na Veneranda akapewa kazi ya kumlisha. Nikamsimulia Kapteni jinsi mbuzi yule alivyonenepa hadi majirani wakadhani tumefuga ndama. Nikamsimulia jinsi dada alivyompa jina la Kikristo, alivyomfundisha kubisha hodi kwa pembe, na jinsi baba alipoanza kunoa kisu wiki ya Noeli, mtoto na mbuzi wakapotea pamoja. Niliongeza mengi. Kila macho ya Kapteni yalipozama, niliongeza pembe nyingine. Nilifika siku yenyewe ya Noeli, kanisa limejaa, kwaya imesimama, baba ana aibu benchi la mbele kwa sababu binti yake hayupo, na mlango mkubwa ukasukumwa, akaingia mbuzi, amevaa sare ya shule.

Hapo nikahisi mkono begani. Maman Regina alikuwa amekuja kwa magoti. Akaweka mdomo sikioni mwangu, chini ya mlio wa injini.

"Amepumuzika," akasema. "Usigeuke. Usimuambie huyu. Gari iko mulimani."

Kwa watu wa njia ile, dereva hapewi habari ya msiba gari likiwa mlimani. Hata kama ni mtoto wake. Wanaojua wanakaa nayo kifuani hadi magurudumu yafike penye tambarare, na konvuayeri ndiye anayekaa nayo karibu zaidi. Nililijua hilo tangu utotoni, kama ninavyojua kuvua kofia kanisani. Sikuwahi kulifanya.

Mkono ukaondoka begani. Kapteni akauliza, bila kugeuza shingo, "Sare ya nani?"

"Ya kwake mwenyewe," nikasema. "Ya Veneranda. Na bereti."

Nikaendelea. Sauti yangu ilikuwa inakwenda mbele, na mimi nilikuwa naifuata kwa nyuma nisiifikie. Nilisema mbuzi alitembea katikati ya kanisa hadi mbele, kwaya ikapoteza sauti, mbuzi akaitika wimbo vizuri kuliko wao. Nilisema padri alishindwa kujua kama amfukuze au ambariki. Na Kapteni Muli akacheka. Alicheka hadi kiti kikatikisika, macho yakafunguka kabisa, na ndege ikapita kwenye ule mlango kati ya milima, ukuta wa kijani huku na huku. Upande wa pili ziwa lilikuwa limetulia kwenye jua.

Tukaanza kushuka. Bukavu ikapita chini yetu. "Magurudumu?" akauliza. Muli hakumjibu. Nilitazama mahali nilipokuwa nimeona taa tatu za kijani zikiwaka kabla ya kutua Kindu na Shabunda, na hazikuwaka. Nikasema, "Taa bado, Kapteni." Mkono wake ukatafuta, ukashika, ukasukuma chini. Sakafu ikaguna. Taa zikawaka zote tatu.

Kamembe: tambarare

Alitua kama mtu anayeweka yai. Akatembeza ndege hadi mwisho, akazima injini zote mbili, akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Propela ziliendelea kuzunguka kidogo zenyewe, halafu zikaanza kuonekana, halafu zikasimama. Nje watu wa hospitali, walioitwa kwa redio, walikuwa wakisukuma kitanda chenye magurudumu.

"Ilikwishaje?" akauliza akiwa amefumba macho. "Yule mbuzi."

Niligeuka nyuma. Maman Regina alikuwa amemfunika dada yangu kwa kitenge kile kile cha kichanga, na kichanga kilikuwa mikononi mwake kinanyonya kidole chake. Hakuinuka. Aliniitikia kwa macho, nimalize.

Basi nikamalizia. Nilimwambia kwamba Veneranda aliingia nyuma ya mbuzi, akasimama kati yake na baba mbele ya watu wote, akasema atakayemla huyu amle na yeye pia. Baba alitazama watu, watu wakatazama chini. Kisu kilirudi jikoni. Noeli ile tulikula sambaza. Mbuzi alizeekea kwetu, akapoteza meno, akafa kwa uzee. Hapo sikuongeza kitu hata kimoja.

"Dada yako ni mtu," Kapteni akasema. Akainua kichwa, akaanza kujifungua mkanda. "Twende tumshushe."

Nikamwambia.

Alipita kati ya viti akijishikilia, akapiga magoti pale sakafuni, koti lake likiwa limelowa mgongo mzima.

"Tangu wapi?" akaniuliza.

"Tangu mbuzi alipoingia kanisani."

"Mimi nilicheka," akasema.

"Ndiyo, Papa," Maman Regina akamjibu. "Ulicheka, njo tukafika na huyu." Akamwekea kichanga mikononi, kwa sababu yeye alihitaji mikono yote miwili kumshusha Veneranda.

Tulimzika huku, kwenye udongo ambao wazazi wetu walikuwa wakiutaja maisha yote. Kapteni Muli alisimama kaburini akiwa ametoka hospitali siku ile ile. Mtoto ni wa kike. Yuko nyumbani kwetu na bibi yake, maana hakuna barabara ya kumrudisha bibi huyo, na hata ingekuwapo amesema haendi popote bila mtoto. Njooni mmwone. Leteni maziwa, leteni kuni, na mkitaka ya mbuzi nitawasimulia hadi mchoke. Ile ya ndege nimeiandika hapa. Naomba msiniulize tena.